Jiko Lililokataa Kuitikia

Kwanza ujue jiko la hoteli linavyokwenda, maana asiyelijua atadhani hiki ni kisa cha watu wazima kununiana.

Kuna dirisha refu la kutolea chakula. Kwa nje wanasimama wahudumu na sinia zao. Kwa ndani anasimama mtu mmoja mwenye karatasi za oda mkononi, na huyo ndiye sauti ya jiko zima. Anasoma kwa nguvu: "Meza ya nne, nyama mbili, samaki mmoja!" Kila mpishi anayehusika anajibu palepale, bila hata kugeuza shingo: "Ndiyo, Shefu!" Wanajibu hivyo hata kama aliyesimama pale siye mpishi mkuu mwenyewe, kwa sababu heshima ile ni ya dirisha. Na kuitikia huko si mapambo. Feni zinanguruma, mafuta yanachachatika, sufuria zinagongana, na mpishi asipoitikia, aliye dirishani hana njia ya kujua kama oda imesikika au imepotelea hewani.

Mwanamke ninayemsimulia alikuwa amefanya kazi katika jiko la namna hiyo miaka kumi na miwili, na hakuwahi kusimama dirishani hata kwa kumshikia mtu nafasi akienda msalani. Alikuwa upande wa baridi: saladi, matunda, mikate ya kukata, majani ya kupamba sahani. Wenzake walimwita Mama Matango, na kwa kuwa walilisema jina hilo kwa kicheko kisicho na ubaya, alilizoea. Upande wa moto, penye majiko ya gesi na grili ya kuchomea nyama, walikaa wanaume watupu. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa sufuria ni nzito, joto ni kali, mwanamke ataungua. Sababu hiyo huniwasha mwili mzima. Nyumbani moto ni wa mwanamke kuanzia alfajiri, mtoto mgongoni, moshi machoni, na hakuna anayemwonea huruma. Moto huohuo ukiwekewa mshahara na kofia nyeupe, ghafla unakuwa mkali mno kwake.

Aliyesimama kwenye grili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Jikoni aliitwa Makaa. Mama Matango ndiye aliyemleta miaka tisa iliyopita, akamwombea kazi ya kuosha vyombo, kisha jioni kwa jioni akamfundisha kushika kisu bila kujikata na kuijua nyama iliyoiva kwa kuibonyeza kwa kidole. Baada ya miaka mitatu Makaa akapandishwa kwenye moto. Mwalimu wake akabaki na matango yake. Hakuna aliyeona ajabu, na Makaa mwenyewe hakuona ajabu, ingawa alikuwa akiishi kwa kaka yake, yaani kwa shemeji yake huyohuyo.

Sasa msaidizi wa mpishi mkuu akaacha kazi. Mpishi mkuu, ambaye wote walimwita Shefu, mtu wa makamo mwenye maneno machache na miguu inayomuuma, akatangaza kwamba anayeitaka nafasi aombe. Waliomba wawili tu, Makaa na Mama Matango. Shefu akasema kila mmoja atapewa mchana mmoja wa kuliongoza jiko kutoka dirishani, naye atawatazama kupitia kioo cha ofisi yake. Atakayefanya vizuri, kazi ni yake. Atakayeshindwa atarudi alikotoka. Kisha akamtazama mwanamke na kuongeza kwamba habari za upande wa baridi kutaka kuongoza hatazisikiliza tena mpaka yeye mwenyewe astaafu.

Makaa alipewa Jumanne. Ulikuwa mchana mzuri, lazima tuseme ukweli. Aliita oda kwa sauti kama ya kengele ya shule, na jiko lilimwitikia kwa pamoja. Mama Matango naye alimwitikia kutoka upande wa baridi, "Ndiyo, Shefu!" kwa sauti kubwa kuliko wote, na saladi zake zilikuwa zinafika dirishani kabla hata nyama haijageuzwa. Hakuna mgeni aliyelalamika. Jioni mumewe, fundi cherehani asiyependa makelele, alisema akiwa bado na uzi mdomoni, "Kesho ni zamu yako, mke wangu. Ila mkigombana huko, msiniletee huku. Yule ni damu yangu."

"Kaka, ondoa wasiwasi," Makaa alidakia. "Shemeji nitamtunza."

Mama Matango alilala na neno hilo la kutunzwa.

Jumatano, saa sita na nusu, karatasi ya kwanza ikaingia. Mama Matango alikuwa amepiga pasi koti lake mara mbili. Sauti ilitoka vizuri.

"Meza ya pili! Supu mbili, nyama moja, kuku mmoja!"

Feni ziliendelea kunguruma. Hakuna aliyejibu.

Alidhani hakusikika. Akarudia, safari hii kwa nguvu zaidi. Mzee wa Sosi, anayeshughulika na supu, sosi, samaki na kuku wa oveni, alikuwa amempa mgongo. Kijana wa viazi alikuwa anakikagua kikapu chake cha waya cha kukaangia kana kwamba amekiona leo. Makaa alikuwa anapanguza koleo la kugeuzia nyama, taratibu, pande zote mbili.

"Meza ya saba! Nyama nne, saladi nne!"

"Ndiyo, Shefu!" alijibu Dada Ndimu peke yake. Huyu ndiye aliyekuwa msaidizi wa Mama Matango kwenye saladi, na sauti yake nyembamba ilifanya ukimya wa wengine uzidi kusikika.

"Nyama nne, meza ya saba!" Mama Matango alirudia.

Kimya. Karatasi ziliendelea kuingia, naye akaendelea kuita, kila moja mara mbili, nyingine mara tatu, asijue kipi kinapikwa na kipi hakipikwi. Mhudumu mmoja aliingiza kichwa dirishani. "Mama Matango, meza ya pili wanatazama saa." Hajamaliza, mwingine akaja. "Meza ya tisa wanauliza kama jiko limefungwa."

Ndipo Makaa alipoleta nyama zake. Alizipanga dirishani kwa madaha, moja baada ya nyingine, hadi zikafika nane.

"Nane za nani?" aliuliza Mama Matango. "Meza ya saba ni nne."

"Si umeita nne mara mbili? Nne na nne ni nane, shemeji."

Upande wa moto ukacheka. Mama Matango alizitazama zile nyama nane, na damu ikampanda kichwani, maana alielewa. Masikio ya Makaa yalikuwa mazima. Ya wote yalikuwa mazima. Walikuwa wamesikia kila neno tangu mwanzo, na nyama zile zilikuwa ushahidi, na aliyezileta alikuwa hajali hata kuuficha.

Hasira ile ilimfanya akosee. Aliacha dirisha. Alikwenda kufunua sufuria ya supu mwenyewe, akachota, akakimbilia kwenye oveni kumtafuta kuku wa meza ya pili, akarudi mbio na vidole vinaungua. Karatasi sita zilikuwa zimerundikana mahali alipokuwa amesimama. Wanaume walimpisha njia kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ilimuuma kuliko kicheko. Hicho ndicho walichokuwa wanangojea kukiona: mama anahangaika jikoni.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Shefu alikuja akichechemea, akasimama nyuma ya bega lake la kushoto.

"Rudi mahali pako. Ita," alisema.

"Meza ya tisa! Nyama mbili, samaki mmoja!"

Kimya. Shefu akarudia kwa sauti yake ya chini, bila hata kujikaza. "Nyama mbili, samaki mmoja."

"Ndiyo, Shefu!" wakanguruma wote.

Basi mambo yakaenda. Yeye anaita, Shefu anarudia, jiko linaitikia. Sahani zilianza kumiminika dirishani, wahudumu wakapokea, na kwa robo saa meza saba zikapata chakula. Mama Matango alihisi nafuu. Alitamani kumshukuru Shefu, na nusura afanye hivyo, kama asingegeuka na kumwona Makaa akiitabasamia nyama yake.

Tabasamu lile halikuwa la mtu aliyeshindwa. Makaa alikuwa ametulia, na alikuwa na sababu ya kutulia. Mchana ukiisha namna hii, hata kama Shefu ataona aibu ampe kazi, kesho na keshokutwa atahitajika mwanaume wa kusimama nyuma ya bega lake ili maneno yake yageuke kuwa amri. Atakuwa msomaji wa karatasi. Mama Matango alipolitambua hilo alishikwa na hofu, kwa sababu sasa alijua la kufanya, na lilikuwa la hatari.

"Shefu," alisema polepole, "naomba utoke."

"Unasemaje?"

"Urudi ofisini. Ukiwa hapa, wanaongozwa na wewe."

Shefu alimsogelea ili wengine wasisikie. "Mama, wageni wamejaa mpaka mlangoni. Nikitoka na hawa wakaendelea kukugomea, nitaandika kwamba umeshindwa. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Na sitarudi kukuokoa."

"Usirudi."

Shefu alimtazama kidogo, kisha akaondoka. Mlango wa ofisi ulifungwa, na jiko zima likaona umefungwa.

Mama Matango alichukua karatasi iliyofuata, lakini hakuiita. Alilipa dirisha mgongo, jambo ambalo anayeongoza halifanyi kamwe, akawageukia wanaume wale mmoja mmoja.

"Kuanzia sasa naita mara moja tu," alisema. "Asiyeitikia nitahesabu hayupo kazini. Na mtu ambaye hayupo, nafasi yake anapewa aliyepo." Akaitazama karatasi. "Meza ya kumi na moja! Samaki wawili, viazi viwili, nyama tatu!"

Mhudumu aliyekuwa dirishani alibaki na sinia hewani. Mwiko wa Mzee wa Sosi ulisimama ndani ya sufuria. Mzee huyo alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na katika miaka yake yote hakuna samaki aliyemtoka mkononi akiwa amepoa. Alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa na watoto.

"Ndiyo, Shefu," alisema. Kisha akawafokea wenzake waliomkodolea macho, "Mnanitazama nini? Samaki wangu hawezi kungoja ugomvi wa ukoo wa watu!"

Kijana wa viazi aliangua kicheko, kikamtoka pamoja na jibu. "Ndiyo, Shefu!"

Ikabaki nyama. Mama Matango alimtazama Makaa. Makaa aliitazama grili. Feni zilinguruma, na sekunde zilipita nyingi kuliko zinavyostahili kupita jikoni. Huyu alikuwa mdogo wa mume wake, yeye ndiye aliyemfundisha kazi kwa mikono yake mwenyewe, na alimpenda, wacha nilitamke hilo. Alimngojea zaidi ya vile ambavyo angemngojea mtu mwingine.

"Makaa," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alimwita shemeji. "Weka koleo chini."

"Shemeji, acha kunichekesha."

"Weka koleo chini utoke kwenye moto. Ndimu, njoo hapa ushike grili."

Makaa alikuja hadi usawa wa dirisha, uso umemwiva. Alinong'ona kwa ukali, "Mbele za watu? Wewe, mke wa kaka yangu?"

"Hapa sijaolewa na mtu," alijibu, tena kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu aliisikia. "Toka."

Koleo lilitua juu ya meza ya chuma kwa kishindo. Makaa akaenda kusimama mlangoni pa stoo, mikono kifuani, akingoja kuona shemeji yake ataishia wapi.

Dada Ndimu alikuwa ameisafisha grili ile miaka minne na hakuwahi kuiwekea nyama hata moja wakati wa huduma. Aliweka tatu. Ya kwanza ikaungua upande mmoja, na moshi ukapanda. Mama Matango alihisi miguu yake mwenyewe ikianza kwenda. Katika jiko lile hapakuwa na mtu aliyeijua kazi hiyo kumzidi, na hatua sita tu zingetosha kuiokoa. Lakini akitoka dirishani safari hii, hatarudi. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Itupe hiyo, weka nyingine," alisema kutoka palepale. "Ibonyeze kwa kidole, Ndimu. Ikirudi kama shavu lako, itoe. Usikimbie. Meza ya sita! Kuku wawili, nyama moja!"

"Ndiyo, Shefu!" Sauti zilikuwa mbili, ya Mzee wa Sosi na nyingine nyembamba, kutoka kwenye grili.

Haukuwa mchana mzuri. Nyama moja ilirudishwa ikiwa mbichi katikati, na meza mbili zililalamika kwa kucheleweshwa. Familia moja iliinuka ikaondoka bila kula, na Mama Matango aliwaona wakitoka na akaumia. Lakini kila oda aliyoiita iliitikiwa, na saa tisa alasiri karatasi ya mwisho ilichomekwa kwenye msumari pamoja na nyingine zilizokamilika. Mzee wa Sosi alipita akamgusa bega, akaenda zake kuvuta sigara.

Shefu alimwita ofisini. Alikuwa amevua kiatu kimoja, anaukanda mguu.

"Meza mbili zimelalamika na moja imeondoka," alisema.

"Najua."

"Jana haikulalamika hata moja."

"Jana mimi niliitikia," alisema Mama Matango.

Shefu aliacha kuukanda mguu. "Ningeweza kuwakomesha mwenyewe tangu oda ya kwanza," alisema. "Niliwaacha. Nilitaka kuona utafanya nini, na sasa naona haikuwa haki, maana yeye sikumpima hivyo. Kazi ni yako. Barua utaipata kesho." Akasukuma karatasi nyingine mezani. "Lakini kuna hii, ya Makaa. Anayegoma katikati ya huduma anafukuzwa, ndiyo sheria ya hapa. Sahihi yangu nimeshaweka. Ya pili ni ya msaidizi wangu, ambaye ni wewe. Sitakuambia uweke wala usiweke."

Mama Matango alimkuta Makaa ameketi kwenye ngazi za nyuma, karibu na mitungi ya gesi. Alikuwa amevua kofia. Alipoiona karatasi mkononi mwake, alitikisa kichwa.

"Umekuja kunifukuza."

"Kwanza uniambie kwa nini."

Makaa aliizungusha kofia mkononi. Akasema akitazama ukuta, "Nyumba ninayolala ni yako. Chakula ninachokula ni chako. Hata hii kazi ulinitafutia wewe. Grili peke yake ndiyo ilikuwa yangu, shemeji. Na hapo nako nikuitikie? Sasa mimi nitakuwa mwanaume wapi?"

Ilikuwa kweli tupu. Mama Matango alimhurumia, ingawa hakuwa amekusudia. Alikaa ngazi moja juu yake.

"Jana nilikuitikia mchana kutwa," alisema. "Kwa nguvu, ili ufanikiwe. Tukarudi nyumbani, nikakupakulia chakula, nikalala, nikaamka mwanamke yuleyule. Sikupungukiwa hata unywele. Wewe ungepungukiwa nini?"

Makaa aliiweka kofia magotini.

Mama Matango aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni bila kuisaini. "Ndimu atabaki kwenye grili mpaka aizoee," alisema. "Wewe kesho asubuhi utakuwa upande wa baridi."

"Saladi?" Makaa alimgeukia kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mimi?"

"Saladi."

Mama Matango akaona Makaa anataka kubisha, na akaona anajizuia. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mpaka lini?"

Mama Matango alisimama akajipangusa koti. "Mimi nilijiuliza swali hilo miaka kumi na miwili," alisema, "na hakuna aliyewahi kunijibu. Wewe nakujibu. Wiki mbili."

Kisha akafungua mlango wa jiko na kuushikilia, akimngoja apite.